Unafuu wa kodi umfikie na mlezi

Jarida lenu limeuliza wiki hii iwapo waajiri wanaofungua vituo vya kulelea watoto mchana wapewe unafuu wa kodi. Jibu langu ni ndiyo, lakini unafuu huo ukiishia kwa mwajiri, hapa Mtwara utawapita akina mama wengi wanaouhitaji.

Marekani ilianza mpango wa aina hii kwa sheria ya mwaka 2001: mwajiri aliyegharamia malezi ya watoto wa wafanyakazi wake alipunguziwa kodi kwa asilimia 25 ya gharama hizo, mradi nafuu yenyewe isizidi dola 150,000 kwa mwaka. Waliojitokeza kuidai walikuwa wachache mno, na mwaka 2025 sheria mpya ikapandisha kiwango hadi asilimia 40 na kikomo hadi dola 500,000, kuanzia 2026. Kwa maoni yangu ugumu uko hapa: mwajiri hutakiwa kutoa fedha zake kwanza, kisha awe na kodi ya kutosha ya kupunguziwa, jambo ambalo kampuni kubwa huliweza na kiwanda kidogo hakiliwezi.

Mwanamke anayebangua korosho Masasi au Newala hawezi kwenda kazini na mtoto mgongoni, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho huchoma ngozi. Mtoto hubaki kwa bibi, au kwa dada yake ambaye siku hiyo haendi shule, na hili la pili ndilo linaloniumiza zaidi. Mbanguaji mdogo aliyemwajiri mama huyo, ikiwa msimu umemwachia hasara, hana faida ya kutozwa ile asilimia 30 ya kodi ya kampuni. Basi tumpunguzie nini?

Mlezi naye, yule anayeendesha kituo, amesahauliwa. Kodi ya wafanyabiashara wadogo hukokotolewa kwa mauzo: yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi, lakini yakizidi hapo hutozwa hata kama ada zote zimeishia kwenye uji, maji na ujira wa msaidizi. Napendekeza kituo kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kiwekewe kiwango cha juu zaidi kabla ya kuanza kutozwa, na unafuu uhesabiwe kwa idadi ya watoto wanaolelewa kweli, wakithibitishwa na afisa ustawi wa jamii, wala si kwa ukubwa wa jengo. Halmashauri nazo, katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo, zivipe kipaumbele vikundi vya wanawake walezi.

Waajiri nao wasilazimishwe kujenga kila mmoja kituo chake. Wabanguaji watatu au wanne wa mtaa mmoja, pamoja na chama cha msingi cha ushirika, waruhusiwe kuchangia kituo kimoja kinachoendeshwa na akina mama wenyewe, na mchango wa kila mmoja utambuliwe na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) katika mwaka ule ule alioutoa, au uhamishiwe mwaka unaofuata iwapo msimu ulikuwa mbaya.

Msomaji, Masasi