Kama ndiyo kwanza unaanza na nyanya ndefu

Kabla ya mbegu, tafuta fito. Msimu wangu wa kwanza nilianza na mbegu, na fito nikazikumbuka miche ilipokwisha kufika kiunoni. Usiku mmoja mvua ilinyesha na upepo, asubuhi nikakuta mistari miwili mizima imelala chini, vichala vya nyanya mbichi vimezama kwenye tope. Nilijaribu kuinua shina mojamoja na kuchomeka mti pembeni yake, na kila nilipopigilia mti nilikuwa nakata mizizi. Haikupita muda bakajani, ugonjwa wa mabaka ya kuozesha majani, ikaanza kwenye majani yaliyolala chini, ikapanda hadi juu. Nyanya nilizochuma msimu ule hazikujaza ndoo ndogo.

Ninalima uani, pembezoni mwa mji wa Arusha, kipande cha mita 4 kwa 6 nyuma ya jiko. Napanda miche 24, sizidishi, kwa sababu nyanya ndefu ni mmea wa kuhudumiwa mmoja mmoja. Nyanya fupi hufikia kimo chake, hutoa kichala cha maua kileleni, na hapo husimama, kisha huzaa kwa mkupuo na kuchoka. Ndefu haisimami. Kilele chake hutoa majani matatu hivi, kichala cha maua, majani matatu tena, kichala kingine, na huendelea hivyo maadamu ina maji, chakula na afya. Kwa mkulima anayetaka kujaza lori siku moja, hiyo ni kero. Kwa nyumba inayohitaji nyanya tano za mchuzi kila siku kwa miezi mitatu, hakuna inayoifikia.

Kwa hiyo dukani uliza swali moja tu kwanza: hii ni ndefu au fupi? Moneymaker ni ndefu, Anna F1 ni ndefu. Rio Grande, Cal J, Roma VF na Tanya ni fupi. Usikubali jibu la "zote ni sawa". Mimi nililikubali, nikapewa Rio Grande, nikaenda nyumbani nikaanza kuipogoa kama nilivyosikia nyanya inapogolewa. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyelima nyanya miaka mingi upande wa Ngarenanyuki, alipita akanikuta kazini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akashika tawi nililolivunja. "Mwanangu, hapo unatupa nyanya. Hii ni fupi, matawi yake ndiyo matunda yake. Hiyo kazi ya mikono ni ya nyanya ndefu." Nikasimama palepale. Mambo mengi utakayoyasoma hapa chini asili yake ni kwake.

Kuhusu kitalu sina mengi. Mbegu huota ndani ya siku 5 hadi 10, na mche huwa tayari kwa wiki 4 au 5, ukiwa na kimo cha kiganja na shina nene kama penseli. Chagua mche mfupi mnene, uache mrefu uliosinyaa, maana huo umekosa jua. Unapouhamisha, ondoa majani ya chini na uuzike shina hadi karibu na majani ya juu. Nyanya ina tabia nzuri: shina lake likifunikwa na udongo hutoa mizizi mipya. Mmea utakaobeba vichala sita au saba unaihitaji mizizi hiyo. Achia sentimita 60 kati ya mche na mche, na mita 1 kati ya mistari, hata kama sehemu itaonekana tupu na ya kuhurumiwa mwanzoni. Hewa inayopita kati ya mimea hukausha umande, na jani lililo kavu haliugui kirahisi.

Fito zisimame kabla ya mche kuingia ardhini, au siku hiyohiyo. Mimi natumia mikaratusi myembamba yenye urefu wa mita 2.5, nusu mita inakwenda chini. Mianzi inafaa pia, mradi isiwe miembamba kama ya kuchokonolea ndizi, kwa sababu mche mmoja wenye vichala vitano vilivyojaa ni mzigo wa kilo kadhaa, na upepo wa mvua unausukuma. Siku hizi kwa mistari miwili ya katikati nimeacha fito za kila mche. Nimesimika nguzo nene mwanzo na mwisho wa mstari, nikavuta waya juu, na kila mche nikaushushia kamba ya katani. Shina linazungushwa kwenye kamba taratibu kadiri linavyokua, mzunguko mmoja kila baada ya jani la pili au la tatu. Ni njia safi na ya haraka, ila nguzo za mwisho lazima zifungwe na kuvutwa kwa nyuma kama nguzo za hema, vinginevyo waya unalegea wakati nyanya ndiyo zimeanza kunenepa, na mstari mzima unashuka.

Ukitumia fito, funga kamba kwa umbo la nane: izunguke ufito kwa kubana, ikatize katikati, kisha izunguke shina kwa nafasi ya kupitisha kidole. Shina litanenepa. Nimewahi kufunga kwa kukaza, nikasahau, na baada ya mwezi kamba ilikuwa imezama ndani ya ganda, juu ya fundo kumevimba, chini kumekonda. Kamba ipite chini ya jani. Ikikaa chini ya kichala, uzito ukija itakata kikonyo.

Sasa tuje kwenye machipukizi, ambako wageni wengi hupotea.

Kila jani la nyanya, pale linapokutana na shina, lina kwapa. Kwenye kila kwapa hutoka chipukizi, na kila chipukizi linataka kuwa mmea kamili wenye kilele chake, vichala vyake na machipukizi yake. Ukiyaacha yote, baada ya wiki sita utakuwa na kichaka usichoweza kuona ndani yake: majani tele, nyanya ndogo ndogo, na wadudu wamejificha humo wanazaliana. Pita kwenye mimea mara mbili kwa wiki. Mimi napita Jumatano na Jumamosi, asubuhi umande ukishakauka. Chipukizi likiwa na urefu wa kidole, lishike kwa kidole gumba na cha shahada, lipinde upande mmoja, kisha mwingine, litakatika lenyewe. Usitumie kisu bila sababu, maana kisu hubeba ugonjwa kutoka mche hadi mche. Kama unavuta sigara au kunusa ugoro, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuigusa mimea, kwa sababu virusi vya tumbaku vinaingia kwenye nyanya.

Mwanzoni utaogopa kuchanganya chipukizi na kichala. Tazama kinapotokea. Chipukizi hutoka kwapani, kati ya jani na shina. Kichala hutoka kwenye shina tupu, katikati ya jani na jani. Na kabla hujavunja chochote karibu na juu, inua macho uhakikishe kilele unakiona. Ukivunja kilele kwa bahati mbaya, usiung'oe mche. Acha chipukizi la juu kabisa lililobaki, lifunge kwenye ufito, litachukua nafasi ya shina.

Je, shina moja au mawili? Anza na moja. Ukishazoea, kwenye mche wenye nguvu acha chipukizi lililo chini kidogo ya kichala cha kwanza, maana hilo ndilo lenye nguvu kuliko yote, nalo lifungie kamba yake. Utapata nyanya nyingi zaidi, ndogo kidogo. Kwa walio Dar es Salaam, Tanga au Morogoro, kwenye jua kali, mimi ningependa mashina mawili, kwa sababu majani zaidi yanatia kivuli kwenye matunda. Nyanya iliyovuliwa nguo zote huungua jua, ikatoka na doa jeupe lililokauka kama karatasi. Ukanda huo una shida nyingine pia: usiku ukiwa wa joto, kuanzia kama nyuzi 24 kwenda juu, maua huanza kudondoka bila kushika. Si kosa lako na hakuna dawa ya hilo. Panda ili maua yaangukie miezi ya baridi, Juni hadi Agosti.

Machipukizi uliyovunja usiyatupe chini ya mimea. Mawili au matatu mazuri, ya urefu wa kiganja, yatie kwenye kopo la maji kivulini, ndani ya wiki moja hadi mbili utaona mizizi. Hivyo ndivyo ninavyojaza nafasi za miche iliyokufa bila kurudi dukani. Mengine yote yatoe nje ya bustani.

Kuhusu majani ya chini: kichala cha kwanza kikishashika matunda, toa majani yaliyo chini yake, mawili au matatu kwa mara moja. Tone la mvua likipiga udongo hurusha vijidudu vya bakajani hadi kwenye jani lililo karibu. Ondoa hilo jani la karibu, tandaza nyasi kavu unene wa vidole vinne, na utakuwa umefanya kinga kubwa kabla hujafungua chupa yoyote ya dawa.

Maji ndiyo yaliyonisumbua kuliko kingine chochote. Nilikuwa namwagilia ninapokumbuka: siku tatu kavu, halafu mafuriko. Matunda yakaanza kuoza kitako, doa jeusi lililodidimia pale chini ua lilipokuwa. Niliambiwa nisage maganda ya mayai, nikasaga, hayakusaidia. Kinachokosekana kwenye tunda ni kalisi kweli, lakini kwenye udongo mara nyingi imo. Inapanda na maji, na maji yakikatika, nayo inakatika, na ncha ya tunda ndiyo inayokosa kwanza. Tangu nilipoanza kumwagilia kwa utaratibu, lita 4 au 5 kwa kila mche mkubwa kila baada ya siku mbili wakati wa kiangazi, kuoza kitako nakuona kwenye nyanya mbili tatu za kwanza tu. Mwagilia kwenye udongo, usiloweshe majani, na iwe asubuhi. Kuhusu mbolea nitasema hili tu: samadi iwe imeoza mpaka haina harufu ya zizi, na ukiona mche una majani ya kijani kibichi sana, shina nene na maua hayaonekani, umezidisha naitrojeni. Acha kuweka, usubiri.

Maua ya nyanya hujichavusha yenyewe, ila yanahitaji kutikiswa. Upepo hufanya hivyo, na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao hufanya vizuri zaidi. Kama umepanda penye ukuta usiopitisha upepo, gonga waya au ufito kila siku karibu na saa nne asubuhi. Inatosha.

Magonjwa na wadudu ni wengi, nitakutajia wawili wa kuwaogopa. Wa kwanza ni kanitangaze, nondo mdogo. Alionekana kwa mara ya kwanza Tanzania mwaka 2014, huku huku Ngarenanyuki, na wakulima wakampa jina linalomfaa. Kiwavi wake huingia ndani ya jani na kula katikati ya ngozi mbili, jani likabaki na mabaka yanayopitisha mwanga, kisha huingia kwenye tunda karibu na kikonyo. Uani una nafasi ambayo mwenye ekari hana: unaweza kuliona jani la kwanza. Lichume siku hiyohiyo, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, uache juani. Ukilazimika kupiga dawa, soma kwenye kibandiko idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuchuma, na uzihesabu kwa kweli, maana wanaokula hizo nyanya ni watoto wako.

Wa pili ni mnyauko bakteria. Mche unanyauka ghafla ungali kijani, na kumwagilia hakuuamshi. Kata kipande cha shina la chini, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Vikishuka vijiuzi vyeupe kama maziwa ndani ya dakika chache, ndio huo. Hakuna tiba. Ng'oa na udongo wake, toa nje, na eneo hilo usilirudishie nyanya, bilinganya, pilipili, nyanya chungu wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa.

Kwa huku kwetu masika huniponza, bakajani haipumziki. Naatika Julai, nahamishia Agosti, nachuma ya kwanza mapema Novemba. Mche ukifika juu ya waya, kwa kawaida ukiwa na kichala cha sita au cha saba, nakata kilele nikiacha majani mawili juu ya kichala cha mwisho, ili nguvu ishuke kwenye matunda yaliyopo. Nachuma nyanya ikianza kubadilika rangi kitakoni, naivishia ndani, na ndege hawanipunguzii kitu. Lishike tunda, bonyeza kwa kidole gumba kwenye kile kifundo cha kikonyo, litaachia bila kuvuta tawi.

Mwisho wa Januari nang'oa yote. Kabla ya kuzitoa nje nageuza kila shina na kutazama mizizi. Kama ni myeupe na laini, hapo naweka vitunguu. Kama ina vifundo vifundo kama shanga, ni minyoo fundo. Mstari huo nauandika kwenye daftari na kuupanda mahindi, na fito zake nazianika juani wiki nzima kabla ya kuzihifadhi.