Maziwa Niliyokunywa Mimi, Damu Katika Choo cha Mtoto

Mwanangu alikuwa na umri wa wiki 7 nilipoona kwa mara ya kwanza michirizi ya damu na ute katika choo chake. Hakuwa amelishwa chochote zaidi ya maziwa yangu, alinyonya vizuri na uzito wake uliongezeka, kwa hiyo sikuwaza kwamba chanzo kingeweza kuwa sahani yangu. Daktari alimpima, akahakikisha kwamba hana mpasuko katika njia ya haja kubwa wala dalili za maambukizi, kisha akanieleza kwamba chembechembe za protini za chakula cha mama hupita katika damu yake na kufika katika maziwa. Watoto wengi haziwadhuru. Wachache hupata mzio, na protini inayohusika mara nyingi ni ya maziwa ya ng'ombe.

Kabla hata ya kumsikiliza hadi mwisho, nilikwisha kuacha maziwa, mayai, soya, ngano, karanga na samaki kwa mkupuo mmoja. Baada ya siku 10 damu ilikoma, lakini nilikuwa nimekonda, nina njaa usiku kucha, na sikujua ni kipi kati ya vyote kilichokuwa na hatia. Ilinibidi nivirudishe vyote isipokuwa maziwa ya ng'ombe, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo: acha kitu kimoja, kwa wiki 2 hadi 4, na uendelee kunyonyesha.

Kuacha maziwa si kuacha kikombe tu, kwa kuwa yamo katika siagi, jibini, mtindi, biskuti na mikate mingi, na katika vibandiko vya vyakula hujificha kwa majina kama kaseini, yaani protini ya maziwa. Maziwa ya mbuzi hayasaidii, maana protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Yale yasiyo na laktosi nayo hayasaidii. Laktosi ni sukari, na maziwa ya mama huwa nayo hata kama mama hagusi maziwa maisha yake yote. (Hili nililibishia kwa wiki nzima.) Usisahau pia kwamba anayenyonyesha anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, hivyo muulize daktari kuhusu vidonge vya kalsiamu na vitamini D.

Hatua ambayo wengi tunairuka kwa woga ni kukirudisha chakula kile baada ya mtoto kutulia, ili kuona kama dalili zitarudi. Bila jaribio hilo huna uthibitisho, kwani damu ya namna hii wakati mwingine hukoma yenyewe. Kwangu ilirudi siku ya tatu, na hapo ndipo nilipoacha maziwa bila manung'uniko.

Kilio peke yake hakitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu watoto wengi wenye afya hulia zaidi karibu na wiki ya 6 na hupoa kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Lakini akivimba uso au midomo, akipumua kwa shida, au akitapika mfululizo huku amelegea na kupauka, usijaribu lishe yoyote. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Alipofikisha miezi 11, kwa maelekezo ya daktari, nilianza kurudisha maziwa kwa kipande cha biskuti, kisha mtindi kidogo, na mwishowe kikombe kizima cha maziwa. Nilikagua kila nepi kwa wiki 2, na choo kilibaki safi.