Nimwache Mwaka Mmoja Zaidi?

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, mwanangu anatimiza miaka 5 wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa. Kwa kanuni anaruhusiwa kuanza chekechea, ila moyo unasita. Nimwache mwaka mmoja zaidi?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu bila kujibu. Miaka 9 iliyopita swali hilo lilikuwa langu, nami sikumuuliza mtu.

Kifungua mimba wangu alizaliwa siku 3 kabla ya tarehe ya mwisho ya kuzaliwa kwa watoto wanaoandikishwa mwaka ule. Siku 3! Angechelewa kidogo tu tumboni, angesubiri mwaka mzima. Nikaona ni bahati yetu. Mtoto alikuwa anahesabu hadi 50, herufi zote anazijua, wageni wakija anawaimbia huku mimi nimekaa pembeni najifanya sisikii, kumbe kifua kimenijaa. Mtoto wa namna hii umkalishe nyumbani ili iweje? Nikamvalisha sare iliyompwaya, nikamtwika mkoba uliomgonga magotini, nikampeleka.

Nisichokitazama ni kwamba hakuweza kufungua kifungo cha suruali. Akibanwa na haja, haya zilimzuia kumwambia mwalimu. Wiki ya pili nikakabidhiwa suruali iliyolowa, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, mbele ya wazazi wenzangu. Mwezi wa tatu nikaitwa. Mwalimu hakuwa mkali, alisema tu kwamba mtoto hatulii, halafu akaongeza, "Ni mzito kidogo." Nilitabasamu, nikashukuru. Kufika nyumbani nikamgombeza mtoto. Nilimgombeza yeye! Alikuwa amekaa sakafuni anavua viatu, kimoja bado kiko mguuni, akanitazama asielewe kosa lake. Hilo sijajisamehe mpaka leo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, ila hakuna aliyenipigia. Kwa mtoto wa miaka 5, miezi 12 ni sehemu ya tano ya uhai wake wote. Wangu alikuwa akilinganishwa na wenzake waliomzidi karibu mwaka mzima. Si ajabu tafiti za Marekani na Kanada zimekuta kwamba wale wadogo kuliko wote darasani huambiwa wana ADHD, yaani tatizo la kutotulia na kukosa umakini, mara nyingi kuliko wakubwa wao. Utoto wa kawaida unageuzwa ugonjwa! Ufini shule ya msingi huanza mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 7, baada ya mwaka mmoja wa elimu ya awali, wala hakuna anayewacheka. Marekani kumchelewesha mtoto kuna hadi jina lake, "redshirting", walilolichukua kwenye michezo ya vyuo, ambako mchezaji huwekwa pembeni msimu mmoja ili akomae kwanza.

Basi wa pili nilimwacha. Naye alikuwa wa mwishoni mwishoni, nami sikutaka kusikia la mtu. Ndugu walisema namlemaza. Nikiri hapa: miezi minne ya kwanza niliiharibu. Nilidhani kusubiri kwenyewe ni dawa, mtoto akashinda mbele ya televisheni. Baadaye ndipo nikaanza kumwacha avae mwenyewe, acheze na wenzake, wagombane na wapatane bila mimi kuingilia, akae kwa shangazi yake asubuhi nzima bila kunililia. Siku aliyoanza chekechea alinipungia mkono mara moja tu, hakugeuka tena. Nililia mimi.

Msije mkadhani mkubwa aliharibikiwa. Alipofika darasa la nne ile tofauti ilikuwa haionekani tena, na ndivyo inavyokuwa kwa wengi, pengo linaloletwa na umri hupungua kadiri madarasa yanavyopanda. Siku hizi ananisahihisha mimi nikiandika. Kidonda kilichobaki ni changu.

Ndiyo maana nawaambia wazazi wenzangu, tuache kushindana kwa migongo ya watoto. Kuhesabu hadi 50 si kukomaa! Mtazame mtoto wako, si wa jirani. Mtazame akiwa na haja, akinyang'anywa kitu, akiachwa na mtu mwingine. Halafu jiulize unayemwogopea ni nani, yeye au wewe na maneno ya watu. Ila kama hasemi vizuri, au unashuku hasikii sawasawa, usimfiche nyumbani ukasema atakua tu. Huyo apimwe sasa, aanze shule asianze. Na kama nyumbani hakuna wa kukaa naye kwa maana, mwaka wa kusubiri unaweza kuwa mwaka wa bure. Nimeuonja.

Yule msomaji nilimjibu asubuhi yake: mdogo wangu, kabla hujaamua, omba shule wakuruhusu umlete asubuhi moja, wewe ukae nje ya mlango. Usimwelekeze kitu. Sikiliza tu.

Kanijibu kwamba wanakwenda Alhamisi, na kwamba tayari mtoto amegoma kuvaa soksi.