Neno "Meja" Halikuwekwa kwa Mapambo

Mwalimu, kwenye gitaa, kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) za C tisa na C meja tisa zina tofauti gani? (Majengo, Moshi)

Swali hili linarudi kila mara, na waletao hawajahesabu nota hata siku moja. Wengi wenu mmekulia kwaya na solfa mnaijua, basi itumieni. C meja tisa ni do, mi, so, ti, re. Katika C tisa, ti imeshuka nusu toni ikawa ta. Hesabu nyuzi kuanzia ule mwembamba, na freti, yaani nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa, kuanzia kichwani. Bonyeza uzi wa tano freti ya tatu, wa nne freti ya pili, wa tatu freti ya nne, wa pili freti ya tatu, nao wa kwanza na wa sita usilie: hiyo ni C meja tisa, ingawa so haimo. Sasa inua kidole cha mwisho, ulaze kile cha pete juu ya uzi wa tatu na wa pili katika freti ya tatu, na kodi iliyokuwa imetulia itakuwa C tisa, nayo itaanza kudai kwenda kodi ya F.

Na C edi tisa (Cadd9)? (Himo)

Do, mi, so, re. Ti haimo, wala ta.

C meja kumi na tatu ina nota saba, nami nina vidole vinne. Nifanyeje? (Usa River)

Punguza. Anza kuacha so, kisha fa, kwa kuwa fa hugombana na mi iliyo nusu toni chini yake. Anayeitaka kweli huipandisha iwe fe. Mi, ti na la haziachwi. Do mwachie mpiga besi, jambo ambalo wapiga gitaa wengi wa bendi za harusi hapa Arusha hawataki kulisikia, kwani hukwangua nyuzi zote sita juu ya besi na kinanda, kisha humlaumu fundi mitambo.

Naomba picha ya kodi zote za meja. (Ngarenaro)

Sitoi.

Je, C meja tisa inafaa kumalizia wimbo kanisani? (Moshi)

Inafaa, ila sikiliza kwanza sauti ya kwanza inaishia wapi. Ikiwa waimbaji wameishika do, ti yako itawakwaruza, na wao ndio watakaoonekana wamepotea. Hapo piga C sita tisa: umbo ni lile lile la C meja tisa, isipokuwa uzi wa tatu unarudi freti ya pili, ti inaiachia la nafasi.