Mkataji Wangu Aliondoka Desemba: Nilichojifunza Kuhusu Kuongoza Watu

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia. Ana duka la vifaa vya ujenzi na wafanyakazi sita. "Dada, shikamoo. Ndani ya mwaka huu nimebadilisha wafanyakazi wote mara tatu. Hawana uaminifu kabisa. Nifanye nini ili wanitii?"

Ujumbe ule niliurudia mara nyingi. Kuna neno lilinichoma, hilo "wanitii", maana ndilo neno lililokuwa halinitoki mdomoni mwaka 2019, mwaka ambao nusura nifunge kiwanda changu. Nilimwitikia marahaba, nikamjibu kwa ufupi, nikamwahidi kuandika kwa kirefu. Ahadi ni deni, na huko mbele utaona kwa nini siku hizi siichezei.

Kwa wageni: mimi nashona sare za shule. Nilianza 2014 kibarazani kwa mama, Tabata, na cherehani mbili, moja ya kuazima. Mwaka 2016 serikali ilipoanza elimu bila ada, madarasa yalifurika. Ada ilifutwa lakini sare haikufutwa. Kila mtoto alihitaji shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu. Januari ile nilishona hadi vidole vikavimba. Nikahamia fremu kubwa Buguruni, nikanunua ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, nikaajiri. Kufikia 2019 nilikuwa na mafundi kumi na mmoja na kazi za shule nne binafsi. Watu wakaanza kuniita bosi, na mimi nikalipenda jina.

Katika mafundi wale alikuwepo mkataji. Asiyejua kazi hii anadhani fundi ni yule aliyekaa kwenye cherehani. Fundi wa cherehani akikosea, unafumua mshono, unaanza upya. Mkataji akikosea, jora zima limekwenda. Anatandika kitambaa tabaka ishirini, anachora kwa chaki, halafu anapitisha mashine mara moja, na hakuna kurudi nyuma. Wangu alinizidi umri kama miaka kumi. Alikuwa akilitazama jora la tetroni anakwambia litatoa mashati mangapi, na hakosei. Ndiye aliyenifundisha kupanga vipande vya mikono kwa kuvigeuza, kimoja kichwa juu, kingine kichwa chini, mpaka nafasi ya upotevu inakwisha. Faida yangu kubwa ilitoka katika kichwa cha mtu yule, na nilikuwa sijui.

Sasa nieleze nilivyomtendea, maana sitaki kuficha.

Kwanza mshahara. Nilikuwa nasema "Ijumaa", Ijumaa ikifika nasema "Jumatatu". Ni kweli shule zilichelewa kunilipa. Lakini katika miezi hiyohiyo nilinunua gari, na nililiegesha mlangoni pale ambapo mafundi walikuwa wanaliona wakiwa wamekaa kwenye mashine. Sikuwaza hata siku moja kwamba wanahesabu.

Pili, kukesha. Desemba na Januari tulikuwa tunashona mpaka saa sita usiku, na mimi nawanunulia chipsi na soda nikijiona mkarimu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu, tena zisizidi 50 katika wiki nne. Sikuwahi kuisoma. Niliajiri watu kumi na mmoja bila kusoma sheria inayowahusu, wakati kitabu cha maelekezo ya ovaloki nilikisoma ukurasa kwa ukurasa.

Tatu, ile siku. Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba. Mkurugenzi wa shule moja alikuja kuchukua mashati, sitini yakaonekana mikono mifupi. Nilimgeukia mkataji mbele ya yule mama, mbele ya mafundi wote, nikamwambia: "Kama kukata kumekushinda, nenda ukauze maji stendi." Hakunijibu. Alizungusha futikamba yake taratibu, akaitia kwenye mfuko wa shati, akarudi mezani.

Jioni nilifungua daftari la oda. Kipimo kile cha mikono kilikuwa kimeandikwa kwa mwandiko wangu. Alikuwa anajua. Daftari lilikuwa pale pale mezani mbele yake wakati namtukana, na hakulifungua kuniumbua mbele ya mteja.

Sikumwomba msamaha. Nilisema moyoni kwamba bosi akiomba msamaha atadharauliwa. Siku tisa baadaye aliondoka na mafundi sita, usiku, bila kuaga. Wiki ya tatu nikasikia amefungua mtaa wa pili kutoka kwangu, na ile shule imemfuata.

Nilimsema vibaya kwa karibu miaka miwili. Kwenye kikoba nilimwita mwizi wa wateja. Na niseme kweli, kuondoka Desemba bila neno kunaniuma mpaka leo. Angeniambia hata Novemba. Lakini nimejiuliza sana: angeniambia lini, na ni lini nilikaa kumsikiliza?

Januari 2020 ilipita kwa hasara, sina haja ya kuieleza. Nikabaki na mafundi wanne. Halafu tarehe 17 Machi shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya korona. Fikiria, unashona sare na hakuna shule.

Siku ile nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Niliwakalisha wote wanne kwenye meza ya kukatia, nikafungua daftari la hesabu mbele yao. Nikawaonyesha fedha iliyopo, laki sita na arobaini elfu. Kodi ya fremu laki tatu na nusu kwa mwezi. Madeni ya vitambaa Kariakoo. Nikawaambia, "Mishahara kamili sina. Nusu ninayo kwa mwezi mmoja. Zaidi ya hapo sijui. Nyinyi mnaonaje?"

Walinyamaza. Kisha akasema yule msichana wa kutia vifungo, mdogo kuliko wote, ambaye tangu nimwajiri sikuwahi kumuuliza kitu zaidi ya "umemaliza?" Akasema, "Dada, mbona tuna vipande vingi vya pamba stoo? Tushone barakoa." Tukashona barakoa. Tuliziuza kwa jumla maduka ya dawa na rejareja vituo vya daladala, mpaka shule zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni.

Hakuna hata mmoja aliyeondoka. Walikuwa wanapokea nusu mshahara, na hawakuondoka. Wale wa 2019 walikuwa na ahadi ya mshahara kamili wakaondoka usiku. Hapo ndipo nilipoacha kusema kwamba wafanyakazi wa siku hizi hawana uaminifu.

Ndugu yangu wa Morogoro, nakuomba ukae hapa kidogo. Wewe unatafuta namna ya kutiiwa. Mimi nakuuliza: mambo mangapi umewaahidi hao sita mwaka huu, na mangapi umeyatimiza? Kama huna jibu la haraka, tatizo lako limeanzia hapo.

Nilinunua daftari dogo la kurasa 96 nikaliita daftari la ahadi. Kila ninapomwambia mfanyakazi "nitafanya", naandika: nani, nini, lini. Hata vitu vidogo. "Nitakununulia mkasi mpya." "Nitakupa ruhusa ukamwone mwanao." "Nitazungumza na mwenye nyumba kuhusu feni." Kila Jumamosi kabla ya kufunga naisoma orodha mbele yao kwa sauti. Mwezi wa kwanza nilikuta nimeahidi mambo ishirini na tatu, nimetimiza tisa. Nilishtuka, maana nilikuwa najihesabu mtu wa neno langu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tumelichukua hilo kwa upande wa fedha tu. Heshima nayo ni mali.

Baada ya miezi kama mitatu ahadi zenyewe zikapungua. Nilianza kusema "hilo siliwezi" badala ya "tutaona". Mwanzoni nilidhani watakasirika. Hawakukasirika. Mtu akiambiwa hapana leo, anapanga maisha yake. Akiambiwa tutaona, anakusubiri, na kila siku anayokusubiri anakuchukia kidogo.

Mshahara sasa ni tarehe 28, na fedha yake inakaa akaunti ya peke yake ambayo siigusi hata kitambaa kishuke bei kiasi gani. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, vilevile. Michango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anabeba angalau nusu. Nakusihi, usimkate mtu sehemu yake halafu ukaikalia. Hiyo ni fedha ya uzee wa mwenzako. Kuna wafanyabiashara wenzangu wanaona fahari kusema wamewachezea mafundi kwa miaka mitano, na Jumapili wako mstari wa mbele kanisani. Wazee wetu wa TANU waliapa kwamba cheo ni dhamana. Na duka lako pia ni cheo, hata kama ni kibanda cha bati cha mita tatu kwa nne. Mtu amekukabidhi saa zake za mchana, ambazo hatarudishiwa na yeyote.

Kukaripia nimekuhamishia stoo. Nina viti viwili kule, tunakaa, tunafunga mlango. Na kabla sijamwita mtu stoo, nafungua kwanza daftari la oda kuangalia mwandiko ni wa nani.

La mwisho lilinichukua muda mrefu kuliko yote: funguo. Nilikuwa nafungua mimi, nafunga mimi, kila mteja anaongea na mimi, hata uzi wa shilingi elfu moja nanunua mimi. Nikiumwa, kiwanda kinaumwa. Nilikuwa nikiita kule kuwa makini, kumbe nilikuwa nawaambia kila asubuhi kwamba siwaamini. Kuachia kunatisha, najua. Nilijifunza kuachia kwa hatua, na mfano niliuchukua kwa Mwalimu Nyerere. Aliondoka Ikulu 1985 kwa hiari yake, lakini uenyekiti wa chama alibaki nao hadi 1990. Watu wanakumbuka kuondoka kwake, hawakumbuki kwamba kulikuwa na miaka mitano katikati. Nami nilianza na ufunguo wa stoo tu. Baada ya miezi sita, ufunguo wa mlango. Baada ya mwaka, simu ya oda. Fedha ilikuja mwisho. Na aliyepokea vyote hivyo ni yule msichana wa vifungo, ambaye leo ni msimamizi, na mafundi wanaomzidi umri wanamsikiliza kwa sababu hajawahi kuwainulia sauti.

Januari 2025 mama yangu alilazwa. Nilikaa naye hospitali siku kumi na nane, msimu wenyewe ukiwa umepamba moto. Nilipiga simu kiwandani siku mbili za kwanza, siku ya tatu msimamizi akaniambia kwa upole, "Dada, muuguze mama. Tutakupigia sisi." Hawakupiga. Niliporudi nilikuta shule tatu zimepokea mzigo wote, stakabadhi zimepangwa kwa tarehe, na kwenye daftari la ahadi, kwa mwandiko usio wangu, ahadi saba walizowekeana wenyewe kwa wenyewe, zote zimepigwa alama ya vema. Nililia pale mlangoni. Sijawahi kujivunia kitu katika biashara hii kama kurasa zile mbili.

Usiku ule nilifungua ukurasa mpya nikaandika jina la mkataji wangu wa zamani. Hesabu ya makesha ya 2019 niliyomkeshesha bure, kwa kiwango cha sheria, pamoja na mshahara wa Novemba ambao hakuwahi kuumalizia kupokea. Ilinichukua hadi Machi kuzipata fedha zote. Nikaenda kwake kwa miguu, ni mtaa wa pili tu, na kwa miaka mitano nilikuwa nazunguka kwa nyuma nisipite mlangoni pake.

Alikuwa anakata. Alinivutia stuli, akamaliza tabaka lake kwanza, ndipo akanigeukia. Nilimwambia kuhusu mashati sitini na mwandiko wangu. Nikamwambia naomba radhi. Nikaweka bahasha mezani. Hakuihesabu, na hakusema amenisamehe. Alinyamaza kitambo, halafu akauliza, "Ile meza ya mninga bado unayo?"

Nikasema ninayo.

"Mguu wa upande wa dirisha umelegea tangu enzi zangu. Usiwaruhusu waweke majora mazito upande ule, dada."

Miaka yote aliyofanya kazi kwangu aliniita bosi. Ile shule bado ni mteja wake, na sikuiulizia. Jumatatu iliyofuata nilimwita seremala.