Aprili Mbale, Kabla Mvua Haijafika

Juma lililopita msomaji mmoja anayeishi Uingereza aliniandikia kwamba atakuja nyumbani mwezi Aprili pamoja na familia yake, akauliza kama kweli kuna jambo la kufanya mwisho wa juma katika mji mdogo kama Mbale, huku mashariki mwa Uganda. Kule aliko, Aprili ni majira ya kuchipua, na watu hutoka nje kwa sababu jua limerudi. Huku kwetu ni masika, na watu hukimbilia ndani kwa sababu jua limejificha. Nakiri kwamba swali lake lilinichoma kidogo. Mbale imekuwa jiji kisheria tangu tarehe 1 Julai 2020, lakini wageni wengi bado huiona kuwa mahali pa kubadilishia gari tu, kabla ya kupanda Mlima Elgon.

Aliyenitia kidonda hiki ni shemeji yangu wa Kampala. Miaka mitatu iliyopita alikuja kututembelea mwezi huohuo wa Aprili, nami nikaapa kumwonyesha maporomoko ya Sipi. Jumamosi tuliamka kwa raha zetu, tukanywa chai ya pili, tukasubiri nguo zipigwe pasi, na ilipotimu saa sita mchana ndipo tukaondoka. Safari ni ya takriban saa moja, na barabara ni ya lami, kwa hiyo sikuona sababu ya haraka. Tulipofika, ukungu ulikuwa umeteremka hadi kwenye migomba, na mvua ikamwagika kana kwamba ilikuwa inatungoja sisi. Sipi tuliisikia, hatukuiona. Tulikaa ndani ya gari hadi saa kumi, tukila chapati zilizopoa, na njiani kurudi shemeji akasema kwa upole wake ule unaoumiza, "Kumbe shemeji, huku mnaishi kwa kutazamana tu." Mke wangu alicheka. Mimi sikucheka, na sijacheka hadi leo.

Mwezi huu alirudi, safari hii akiwa na watoto wake wawili, nami nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa barabarani, watoto wakiwa bado wanasinzia. Masika ya upande huu wa Mlima Elgon yana tabia ambayo kila mkulima wa kahawa anaijua: asubuhi mara nyingi huwa safi, mawingu hujikusanya mchana, na mvua hufika alasiri. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uamke mapema.

Tulifika jua likiwa limeanza kugusa genge. Poromoko kubwa la Sipi lina urefu wa takriban mita 100, na katika masika maji yake huwa mazito, hayaanguki kama uzi bali kama shuka linalokung'utwa. Ukisimama chini yake, manyunyu hukulowesha kabla hujafika karibu. Njia ya kushukia huteleza vibaya. Tulichukua kijana wa pale atuongoze, tukaelewana naye bei kabla hatujapiga hatua moja, jambo ambalo nakusihi nawe ulifanye. Mtoto mdogo alikanyaga tope jekundu, gambuti lake likanasa, akabaki amesimama kwa mguu mmoja mithili ya korongo huku kijana yule akilivuta kwa mikono miwili. Lilipong'oka lilitoa mlio uliowachekesha wote, hata baba mtu. Baadaye tulitwanga kahawa kavu kwenye kinu, tukaikaanga juu ya kuni, tukainywa bila maziwa. Shemeji alikunywa vikombe viwili na hakusema kitu, nami nilimtazama kwa jicho la pembeni.

Saa sita tulikuwa tumerudi nyumbani Mbale, na mvua ikaanza kupiga mabati saa nane. Hapo ndipo ulipo ushauri wangu wa pili, ambao kwa kweli ni ule wa kwanza: ukiwa umeamka mapema, mvua haikuibii siku, bali inakuletea chakula. Mke wangu alikuwa amepika malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi, kisha huchemshwa hadi yalainike na kuungwa kwa karanga zilizosagwa. Kama majira ya kuchipua ya Uingereza yana ladha, sidhani kama inaifikia hii. Mvua ilipokatika jioni, tulisimama nyuma ya nyumba tukitazama genge la Wanale, ambapo maji hushuka kama nyuzi nyeupe baada ya mvua kubwa, na hakuna anayelipia kuyatazama. Jumapili tulisali, tukalala.

Ninyi mnaolala hadi saa nne siku ya Jumamosi, halafu mnalalamika kwamba miji midogo haina kitu, mnaulaumu mji kwa kosa la blanketi. Jambo moja tu silifanyii mzaha: usiwapeleke watoto kuchezea kingo za mito mvua inaponyesha mlimani, hata kama mjini ni kukavu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuua watu, na sisi tunaoishi hapa hatuhitaji kukumbushwa. Mito nayo itazame asubuhi, ukiwa mbali kidogo.

Shemeji aliondoka Jumatatu alfajiri. Hakuomba radhi kwa maneno yake ya zamani, wala sikutarajia aombe. Alipokuwa akifunga buti ya gari nilimwona akisogeza begi la watoto ili lisiugandamize mfuko wa malewa makavu, mfuko ambao alikuwa amemwomba dada yake kwa siri, akidhani sisikii.