Kombe la Rembrandt na bamba langu lililosomeka kinyume

Nikiwa mwaka wa kwanza wa masomo ya sanaa nilichonga maneno SUBIRA HUVUTA HERI kwenye kipande cha linoleamu, lile tandiko la sakafu linalochongeka, kinachotoshana na daftari. Nilitaka chapa yangu ikae kama kanga: pindo pande zote nne, mji katikati, jina chini. Pindo peke yake lilinichukua siku tisa. Nilipoifunua karatasi ya kwanza, pindo lilikuwa safi, mji umetoka vizuri, ila jina limegeuka. Kilichonikaa kichwani hadi leo ni lile neno la katikati. Herufi za HUVUTA, zote sita, zinafanana kulia na kushoto, kwa hiyo kila moja ilisimama sawasawa, lakini neno zima likasomeka ATUVUH. Nililia, maana kazi ilitakiwa kukabidhiwa kesho yake.

Nawaandikia wadogo zangu mnaoanza uchapaji kwa sababu kosa lile ndilo lililonifungulia historia ya sanaa, somo ambalo hadi siku ile nilikuwa nalikariri tu.

Muhula huohuo nilikuwa naandika insha kuhusu chapa ya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, ya mwaka 1650 inayoonyesha kombe moja la baharini, la jamii ya koni, limelala peke yake gizani. Ni kazi ndogo, haifiki sentimita 14 kwa upana. Insha yangu ilikuwa imejaa sentensi za vitabuni kuhusu mwanga na kivuli, na hakuna hata moja niliyoiona kwa macho yangu. Baada ya mkasa wa bamba nilirudi kuitazama picha ile, na mara hii nikatazama mzunguko.

Mimi nimekulia pwani. Makombe ya koni tumeyaokota tangu utotoni (matupu, tafadhali, koni aliye hai ana sumu kali, usimshike). Ukilitazama kombe la koni kutoka upande wa kichwa, mizunguko yake inaanzia katikati na kupanuka kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Nililitoa langu kwenye mkebe nikaliweka kando ya skrini. La Rembrandt linazunguka upande mwingine! Alilichora kwenye bamba la shaba kama alivyoliona, na karatasi ikaligeuza. Lakini tazama saini: jina lake na mwaka vinasomeka vizuri kabisa, maana yake aliviandika kinyume kwa makusudi. Alijua fika kwamba chapa inageuza, akaligeuza jina na kuliacha kombe.

Wataalamu walishaliandika hilo zamani, nililikuta baadaye. Hata hivyo mimi nililipata kwa mkono wangu, na insha niliyoandika upya ndiyo ya kwanza ambayo mwalimu alinirudishia ikiwa na maswali pembezoni badala ya alama ya vema tu.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla hujafungua kitabu chochote kuhusu kazi fulani, kaa nayo nusu saa na uandike unachokiona. Makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam yameweka picha zake kwenye intaneti bure, na unaweza kuzikuza hadi ukaona mstari mmoja mmoja. Metropolitan ya New York nayo tangu 2017 imeruhusu picha zake nyingi zitumike bila malipo. Tafuta chapa moja katika hatua zake mbalimbali. Kombe lile, kwa mfano, kwenye hatua ya kwanza lina mandhari meupe nyuma yake. Giza aliliongeza baadaye kwenye bamba lilelile. Ukiziweka mbili pamoja, unamwona mtu akibadili mawazo.

Kisha nakili. Simaanishi kuiba, namaanisha kuifuata njia ya mkono wake. Huna bamba la shaba? Chukua kifuniko cha plastiki ngumu angavu, funga sindano ya cherehani kwenye kipande cha mti, ukwaruze. Utahisi sindano inavyosukuma plastiki pembeni na kuacha tuta dogo kando ya mstari, kama jembe linavyofanya shambani. Paka wino, futa juu kwa kitambaa, laza karatasi iliyoloweshwa kidogo, kandamiza kwa mgongo wa kijiko. Wino ulionaswa kwenye tuta unatoa weusi laini kama mahameli. Ila tuta halidumu. Kwangu, karatasi ya nane tayari ilikuwa imepauka. Hapo nikaelewa kwa nini wakusanyaji wanazitafuta sana chapa za mwanzo za Rembrandt zilizokwaruzwa namna hiyo.

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Linoleamu ni ghali na haipatikani kirahisi. Soli ya mpira kwa fundi viatu inachongeka vizuri, na plaiwudi pia. Ukipata linoleamu yenyewe, ianike juani dakika chache ilainike, ndani yake kuna mafuta ya kitani na unga wa koki, ile ya vizibo vya chupa. Mkono usiochonga uwe nyuma ya patasi wakati wote. Wino wa mabaki waombe kwenye viwanda vidogo vya uchapaji, na kuusafisha tumia mafuta ya kula kwanza, sabuni baadaye. Sikiliza rola ya kupakia wino unapoiviringisha juu ya kioo: wino ukiwa sawa unachachatika kwa sauti nyembamba, ukiwa mwingi unabanduka kwa kelele na utaziba mistari yako myembamba yote.

Na maandishi? Chora kwenye karatasi nyembamba kwa penseli laini, ipindue uso chini juu ya bamba, sugua mgongoni. Mchoro unahamia ukiwa umeshageuka wenyewe. Msanii wa chapa John Muafangejo wa Namibia, aliyesoma kwenye kituo cha sanaa cha Rorke's Drift kule Afrika Kusini miaka ya 1960, alijaza linoleamu zake sentensi nzima kuhusu maisha yake na watu wake. Kila ninapozitazama nawaza juu ya zile herufi, moja moja, zikichongwa kinyume.

Utafiti usiishie kwenye skrini. Hapa Dar es Salaam, Nyumba ya Sanaa, karakana ya wasanii ya miaka ya 1970, ilikuwa na watu kama George Lilanga, na waliopita katika karakana za miaka ile wengine bado wapo. Nenda ukawaamkie. Usiwaulize "falsafa" ya kazi yao; waulize wino waliupata wapi, bamba walilitia nini, nani aliwaonyesha. Andika tarehe na maneno yao kama walivyoyasema, na omba ruhusa kabla ya kurekodi.

Nilimpelekea mzee mmoja wa kizazi hicho chapa yangu ya pili ya SUBIRA HUVUTA HERI, hii ikisomeka sawa. Baada ya shikamoo aliipokea kwa mikono miwili, akaipindua, akaiinua dirishani aitazame kwa mgongo. Nikadhani hajaona vizuri. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akapitisha kidole kwenye kona ya chini kushoto.

"Hapa kijiko ulikichoka," akasema.

Nikasogea nikainama kando yake. Michirizi ya kijiko ilionekana yote mgongoni mwa karatasi, imeshikana vizuri juu, na pale kwenye kona imeachana.

"Kaichape tena," akanirudishia.